Mpigo wa Tisa

Nekesa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na naanza kwa kusema hivyo ili usije ukafika katikati ya barua ukashangaa. Nimejaribu kuiandika nikiwa nimetulia. Nimekunywa chai, nikatoka nje, nikaongea na jirani habari za mpira, nikarudi. Nikaikuta hasira imekaa kwenye kiti changu, imekunja mikono kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.

Mambo ya sweta, ya pasipoti na ya maji ya kunywa mama yako amekwambia jioni yote. Nimemsikia akiyarudia kupitia ukutani. Sina la kuongeza. Huko Pune, India, unakopeleka ngoma zako, sijafika. Hata Mombasa nimefika mara moja tu maishani, na nilichokiona zaidi ni choo. Mimi nataka tuongee juu ya neno moja. Nimelitumia hapo juu bila kukusudia, na kalamu karibu initoke mkononi. Tu.

"Baba ni wa jua kali tu."

Ngoja nikueleze ulivyosikika kutoka upande wetu, kwa sababu wewe ulikuwa ndani ya chumba cha redio na vipokea sauti masikioni, na sisi tulikuwa Kamukunji, kibandani, katikati ya mabati. Nilikuwa nimewatangazia wote. Nilifika mpaka kwa yule mama wa mandazi. Saa ilipofika nikawaomba waweke nyundo chini, na unajua Kamukunji nyundo haziwekwi chini hata mtu akizimia. Wakaziweka. Nikasema, "Nyamazeni, mama yangu anaongea."

Odush, yule wa majiko kibanda cha pili, akaniangalia. "Mzee, mama yako si tulimzika?"

"Nekesa, we mjinga! Amepewa jina la mama yangu."

"Aa. Basi mama aongee."

Ukaongea. Na uliongea vizuri, sitakunyima hilo. Ulieleza jinsi mama yako alivyokuwa akisafisha ule ukumbi wa Ngara, jinsi ulivyokuwa ukimngoja kwenye veranda ukitoka shule, ukigonga ndoo yake ya kupigia deki, mpaka Mwalimu Kanti, yule wa ngoma za tabla, akatoka darasani kuuliza ni nani anagonga vile. Odush akanigusa bega. Mama wa mandazi alikuwa na machozi. Halafu yule mtangazaji akauliza, "Na nyumbani, Nekesa, nani alikuwa anakushika mkono na hizo hesabu za tabla?" Mimi nikakaa wima. Nilivuta hata kola.

"Nyumbani hakuna mtu anajua muziki. Baba ni wa jua kali tu."

Mtangazaji akacheka. Yule naye ningependa tukutane siku moja, mahali pasipo na mlinzi.

Kibandani kila mtu akaanza kutafuta kitu chini. Hakuna kitu kilichokuwa kimeanguka. Mwishowe Odush akasema polepole, "Basi, Mzee Tu, turudie nyundo?" Na kuanzia siku hiyo sina jina lingine. Wateja wakija wanaulizia Mzee Tu. Mama wa mandazi, yule aliyekuwa na machozi, ananiuliza kila asubuhi, "Mzee Tu, chai tu, ama chai na mandazi?" Nimekuwa fundi wa masanduku ya bati tangu hujazaliwa. Watoto wa shule za bweni nchi nzima wamefungia sukari na biskuti ndani ya kazi ya mikono yangu. Na sasa mimi ni Tu.

Nilipofika nyumbani unakumbuka nilisema neno hilo hilo moja, nikiwa bado mlangoni. "Tu?"

Na wewe, bila hata kuinua macho kutoka kwa begi lako: "Baba, ulitaka niseme nini? Kwamba ulinifunza kupiga kali?"

Mama yako akaweka sufuria chini. Nikasema uwanja wa ndege utaenda na mama yako, mimi nina kazi. Kazi gani? Januari imepita, masanduku hayanunuliwi. Lakini nilisema, na wewe ukasema sawa, na tangu hapo tunapishana kwenye mlango kama wapangaji wawili wasiojuana.

Sasa sikiliza upande wangu wa hiyo "kali," kwa sababu unaujua nusu.

Siku ya kwanza niliyokuja kukuchukua Ngara, niliingia darasani nikakaa sakafuni na nyinyi watoto. Magoti yalilia. Mwalimu Kanti akaniangalia juu ya miwani yake, na kile Kiswahili chake cha Ngara: "Wewe fundi, kama iko hapa, fanya kazi. Piga kofi." Akatueleza kwamba mzunguko una mipigo kumi na sita, unazunguka, ukifika mwisho umefika mwanzo. Kofi kwenye mpigo wa kwanza. Kofi kwenye wa tano. Kofi kwenye wa kumi na tatu. Na kwenye wa tisa, akasema neno, akapeperusha mkono hewani. Mkono nikadhani anafukuza inzi. Neno nililisikia vizuri sana.

Kali.

Nekesa, niambie ukweli. Mtu anaamka asubuhi anaenda jua kali kugonga mabati, anakula jua kali, anaitwa wa jua kali mpaka kanisani wakitambulisha wageni. Mtu kama huyo ukimwambia mpigo wa tisa ni kali, atafanya nini? Atakaza mkono. Nikakaza. Nilipiga kofi la tisa mpaka njiwa wakaondoka dirishani. Mwalimu hakujua nimesikia nini, alijua tu kwamba nina kelele. Akasema, "Fundi, ngoja nje. Hii kofi yako inaamsha wafu." Kwa hivyo hayo ndiyo masomo yangu yote ya muziki, nusu saa, halafu veranda.

Lakini hiyo nusu saa niliibeba mpaka Dandora. Hatukuwa na tabla nyumbani, tulikuwa na sanduku la bati ambalo mteja alilikataa, ukawa unapiga juu ya kifuniko, na mimi nimekaa kitandani napiga makofi. Moja, kofi. Tano, kofi. Tisa: "Kali, mama! Kaza! Hapo ni kali!" Na wewe unakaza na mikono yako midogo, na mama yako jikoni anasema mtatuletea mwenye nyumba. Darasani mlikuwa watoto wengi mkipiga pamoja, kosa lako lilizama ndani ya kelele za wenzako. Nyumbani lilikuwa likilishwa na kunyweshwa maziwa kila jioni, na aliyekuwa akililisha ni mimi.

Kama nyumbani hakukuwa na mtu, basi yule aliyekuwa kitandani alikuwa nani? Blanketi?

Halafu ikaja siku ya onyesho. Ulikuwa na ile gauni ya njano. Mimi nilikuwa na suti ya kuazima, nimekaa mstari wa mbele kama mjumbe. Ulipiga peke yako, na yule mama wa kinanda akishika wimbo pembeni. Mzunguko wa kwanza ukaenda. Mpigo wa tisa, ukumbi mzima wakainua mikono wazi hewani, polepole, kama watu wanaoachia kitu. Na ndani ya hiyo hewa wewe ukaingiza dagga, ile ngoma kubwa ya chuma ya mkono wa kushoto, kwa nguvu zako zote. Bum. Mikono ya watu ikabaki juu. Mzunguko wa pili, bum. Wa tatu, nikasikia kicheko nyuma, kwanza kidogo, halafu kikaenea. Na mimi, baba yako, nikadhani wamefurahi. Nikaanza kupiga makofi. Kwenye tisa. Pamoja na wewe.

Ile sehemu nikiikumbuka nataka kuingia ndani ya sanduku nifungiwe kwa nje.

Kisha nje, kwenye veranda, Mwalimu Kanti akaja, hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao. "Nani alimfundisha hii?" Na mimi nikacheka. Unanijua, nikibanwa mimi hucheka. Nikasema, "Watoto wa siku hizi, Mwalimu! Ukiwaambia hivi wanafanya vile." Wewe ulikuwa nyuma yangu umeshika koti la suti ya watu. Ukaliachia. Sikugeuka, lakini nilihisi koti likilegea.

Kwa hivyo najua utakachosema. Utasema mimi ndiye niliyeanza kukukana. Sawa, nilikukana. Sitajitetea. Lakini, Nekesa, mimi nilikukana mbele ya mzee mmoja mwenye miwani. Wewe umenikana mbele ya kila mtu mwenye redio kutoka Dandora mpaka Mukuru! Hata ukilipiza, lipiza kwa kipimo. Wewe si ndiye mwenye hesabu?

Sasa hii nusu nyingine huijui. Sikuwahi kukwambia kwa sababu nilikuwa na aibu, na baadaye aibu ikazoea kukaa.

Jumamosi iliyofuata ulikataa kwenda. Ulijifunika shuka ukasema unaumwa kichwa. Mimi nikaenda. Nilimwambia mama yako naenda kununua misumari, nikaenda Ngara, nikamkuta Mwalimu anapangusa ngoma. Nikamwambia, "Mwalimu, ile kitu ya tisa. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Wewe ulisema kali. Mimi nikamwambia akaze."

Akaweka kitambaa chini. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye unga anaotumia kwenye ngozi ya ngoma, akaiokota ikiwa nyeupe, akanitazama nayo vivyo hivyo, akacheka tena. Ningeondoka, lakini alikuwa ameshika mkono wangu. Hiki kiganja unachokijua, chenye sugu kama soli. Akakigeuza kikaangalia juu. "Khali," akasema, kutoka kooni, kama mtu anayepuliza kitu. "Si kali, fundi. Khali. Tupu. Hapa hapana piga. Hapa dagga nalala." Nikauliza, sasa kama hakuna kitu hapo, mnakiwekea jina la nini? Akasema, kama mipigo yote ni sawa, mtu atajuaje amefika wapi? Ile tupu ndiyo inakuonyesha umefika nusu, kwamba umeshaanza kurudi.

Halafu akanifunza kitu ambacho nimekihangaikia mpaka leo. Nilifungua kiganja pale kwenye tisa, vizuri, nikajisikia mtaalamu, nikapumzika. Nikapotea. Kumi na tatu ilikuja ikanipita. Akanigonga kidole. "Mkono hapana piga. Lakini hesabu, fundi! Hesabu hapana acha!"

Jioni ile nilikuja nikakutoa kwenye shuka, nikakwambia Mwalimu amenieleza tumekosea, tugeuze. Nilisema "tumekosea." Neno zuri sana hilo, linatosha watu wengi. Hukuniuliza, na tuligeuza, na ilikuchukua muda mrefu kuutoa ule mkono kwenye tisa. Nilikuwa nikiona bega lako la kushoto likiruka lenyewe, kisha unalikamata. Unalikamata mpaka leo, hata kwenye onyesho la kukuaga nimeliona, bega linaruka kidogo sana. Wengine wanadhani ni madoido. Hilo ni la kwangu, hilo bega. Nalo pia utasema halikutoka nyumbani?

Mimi pia niligeuza. Muulize Odush. Zamani nikikunja bati nilikuwa nagonga na mzunguko wetu, na ya tisa ilikuwa ikiacha kibonyeo. Kuna masanduku huko shuleni mpaka leo yana alama ya ujinga wangu. Baada ya Mwalimu, nikawa naiacha. Nyundo inapanda, haishuki, inaendelea. Odush akauliza, "Mzee, hiyo moja unamwekea nani?" Nikamwambia ya mama yangu. Akavua kofia, akidhani ni marehemu.

Lakini kuiacha kwenye bati ni rahisi. Ilipofika kwenye watu, sikuwahi kuiweza. Kuna yule mama aliyerudisha sanduku kwa sababu kifuniko hakifungi. Angeniacha nalo nilitengeneze taratibu. Mimi nikakasirika, nikaligonga mbele yake, nikagonga mpaka likafunga, na halikufunguka tena. Sare za mtoto zilikuwa ndani. Tulilipasua kwa tindo, watu wamezunguka, mtoto analia. Na kila mahali maishani mwangu ambapo nimeharibu kitu, ukiangalia vizuri ni pale pale. Pamekuja mahali pa kuacha, nami nikakaza. Mama yako anaweza kukupa mifano mpaka ndege ikuache.

Kwa hiyo baada ya ugomvi wetu nikajiambia, safari hii nitafanya vile Mwalimu alisema. Nitanyamaza. Nimenyamaza vizuri sana, nimenyamaza mpaka paka ametuhama. Nilikuwa najisifu. Nilikuwa najiambia, ona, mzee amejifunza khali uzeeni.

Leo jioni umekaa kwenye kiti, unafunga zile ngoma ndani ya mablanketi, na ulipofunga dagga uliigonga kidogo na kidole, kama mtu anayemwamsha mtoto, halafu ukaniangalia. Nami nikageukia ukuta. Ndipo nikaelewa kwamba mimi sikuwa nimefungua mkono. Nilikuwa nimenuna. Na kununa siyo khali hata kidogo, Nekesa. Kununa ni kuacha kuhesabu. Ungeweza kuondoka, ukakaa huko, ukarudi, na mimi bado niko na uso ukutani, sijui tumefika mpigo gani.

Hilo ndilo lililonitoa kitandani kuja kuandika. Sikuja kukusamehe, usifurahi haraka. Bado nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, nimejikasirikia mimi, na yule mtangazaji nimemkasirikia zaidi. Nimewakasirikia na wale wa kanisani wanaoniuliza kwani ngoma zetu zimeisha hadi utumwe kujifunza za Wahindi. Juzi nilimjibu mmoja. Mama yako amenikataza kurudia nilichosema. Lakini hasira nimeamua niibebe nikiwa nahesabu.

Huko unakoenda watu watakuuliza kwenu ni nani. Wengine wametoka kwenye nyumba ambazo babu alipiga, baba akapiga, hata paka wa nyumba anajua mzunguko. Watakuuliza baba yako anafanya nini. Usinitungie kazi. Usiseme mhandisi. Sema, "Baba ni wa jua kali." Halafu weka nukta. Nukta hapo hapo. Wakicheka, waache wacheke, wewe endelea kuhesabu. Na kama utataka kuongeza kitu, ongeza kile kisa cha kali. Nimekuruhusu. Kisimulie vizuri, usiniondoe kwenye mstari wa mbele, na usiisahau ile suti.

Kesho nitakuja. Nilisema siendi, na mama yako ameshanipigia pasi shati. Nitakaa nyuma kwenye gari la mjomba wako nikiwa nimenuna kidogo, kwa heshima ya ugomvi wetu. Pale uwanjani wasindikizaji hawavuki mlango. Utaingia, utapanga foleni, na kabla hujapotelea kule ndani utageuka, nakujua, utageuka.

Mimi nitainua mkono, kiganja wazi, polepole. Watu walio karibu watadhani ni baba anamuaga binti yake. Wewe usidanganyike. Sikuagi. Hiyo ni tisa. Mkono hauna kitu ndani, lakini mimi nahesabu, nami sitaacha, hata nikiwa kibandani, hata wakiniita jina gani.

Kumi na tatu ni yako. Piga kofi, hata moja, huko huko kwenye foleni, na mizigo yako, mbele ya maaskari na watu. Kioo ni kinene, pengine sitalisikia.

Piga tu.

Baba yako, wa jua kali.